Kupandisha Philodendron melanochrysum kwenye nguzo, ndani ya nyumba ya Kampala

Asili ya mmea huu ni misitu ya mvua ya Kolombia, ambako hukwea miti kwa mizizi inayotoka kwenye vifundo vya shina. Majani yake ni ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, laini kama mahameli, na hupita sentimita 50 mmea ukipata pa kushika. Ukiachwa uning'inie, kila jani jipya hutoka dogo kuliko lililotangulia. Joto la Kampala, nyuzi 17 hadi 28 hivi, linaufaa bila kuongeza chochote. Walio Kabale wauhifadhi usiku kwenye chumba chenye joto, kwa maana chini ya nyuzi 15 hudumaa.

1. Nguzo. Fimbo zilizozungushiwa kamba ya makumbi ni pambo tu: hukauka upesi na mizizi haipenyi. Tengeneza yako. Kata jerikeni kuukuu ya lita 20 upate vipande viwili bapa, kila kimoja upana sm 8 na urefu sm 35. Viunge vikipandana sm 5, upate bamba la sm 65. Kata wavu wa waya wenye matundu ya milimita 12, sm 65 kwa 20, uukunje nusu duara mbele ya bamba, kisha toboa kingo za bamba na uufunge kwa waya mwembamba kila baada ya sm 10. Jaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, yakasuuzwa mara mbili kutoa chumvi, yakakamuliwa. Bamba huzuia unyevu usipotee upande wa nyuma.

2. Mchanganyiko wa chungu. Udongo mwekundu wa shambani usiutumie hata kidogo. Ukimwagiwa maji chunguni hushikamana na mizizi hukosa hewa. Chukua:

- makopo mawili ya vipande vya makumbi
- makopo mawili ya mawe ya volkano ya Kisoro, yenye vitundu, yaliyopondwa hadi mm 5–10
- kopo moja la chenga za mkaa, ukubwa huohuo
- nusu kopo la samadi iliyooza kabisa

Chekecha vumbi lote la mkaa na la mawe, maana ndilo huziba nafasi za hewa. Mawe ya volkano ya Fort Portal yaache, yana chokaa. Chungu kiwe cha kipenyo cha sm 15, chenye matundu mengi chini.

3. Kupanda. Simamisha nguzo kwanza, ifike kwenye kitako cha chungu. Geuza shina hadi upande wenye vichomozo vya mizizi uguse wavu. Funga shina kwa ukanda wa kitambaa, wala si kikonyo cha jani: kikonyo lazima kiwe huru kugeuka kufuata mwanga. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu huwasha, na ukitafunwa huchoma mdomo na koo. Watoto na paka wakae mbali.

4. Mwanga. Miongozo ya Ulaya na Marekani inaposema dirisha la kusini, ipuuze. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini. Dirisha la mashariki ndilo la kutegemewa mwaka mzima. Weka chungu mita moja kutoka kwenye kioo. Jua la kabla ya saa tatu asubuhi halidhuru, la mchana huacha baka la kahawia lisilopona. Nyumba yenye varanda pana ina shida ya kinyume, giza. Vifundo vikianza kuachana sana, sogeza mmea karibu.

5. Maji na mbolea. Mwagilia kupitia nguzo. Toboa kwa sindano mfuniko wa chupa ya nusu lita, toboa na kitako ili hewa iingie (bila hivyo maji hukwama), uipindue juu ya nguzo idondoke polepole. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, kila baada ya siku mbili au tatu. Mvua za Machi hadi Mei, huenda mara moja kwa wiki ikatosha. Kidole ndicho kipimo: kikitoka na maji, subiri. Kila wiki mbili weka NPK 20-20-20, nusu gramu kwa lita.

Majani usiyanyunyizie maji wala kuyapaka mafuta ya kung'arisha. Vumbi la barabarani liondoe kwa brashi laini, kavu.

6. Jani jipya. Hutoka na rangi ya shaba, laini mno. Likikwama kwenye ganda lake, hewa ni kavu au nguzo imekauka. Lowesha ganda, usivute. Mchubuko wa leo utaonekana jani likishakua.

7. Majani ya njano. Moja la chini ni uzee. Matatu kwa pamoja, na chungu ni kizito, mizizi inaoza. Utoe mmea uvute mzizi kwa kucha: uliooza hubanduka ganda ukabaki uzi. Kata yote ya namna hiyo kwa wembe uliopitishwa motoni, upande kwenye mchanganyiko mpya.

8. Ukipita nguzo. Kata chini ya kifundo cha tatu kutoka juu, kipande kikiwa na mizizi yake, ukakipande kwenye nguzo mpya. Kisiki kibaki palepale. Vifundo vyake huchipua, ila kipunguzie maji, kwani kikiwa na majani machache hunywa kidogo.