Kuhamisha wateja kutoka MySQL hadi Salesforce bila kuwarudufu

Agroveti moja hapa Nakuru ilikuwa na majina ya wakulima wa Njoro, Molo na Subukia kwenye hifadhidata ya MySQL, na mwenye duka akataka wote wahamie Salesforce, mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja. Kupakia kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Jasho liko kwenye namba za simu.

1. Weka bekapu. Hapo hatujadiliani.

2. Toa safu unazohitaji pekee: id, majina, simu, mji. Namba za vitambulisho ziache kama hazina kazi huko; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haipendi ulimbikizaji. Salesforce humkataa mtu asiye na Last Name, kwa hiyo yule aliyeandikwa "Mama Maziwa" tu, jina lake lote litie hapo.

3. Safisha simu ndani ya MySQL, si Excel. Excel ikifungua CSV (faili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) hula sifuri ya mbele, na namba inayoanza na 254 huigeuza 2.54712E+11. Ukihifadhi hivyo, tarakimu zimekwenda. Mimi huondoa nafasi na vistari kwa REPLACE, kisha:

CONCAT('+254', RIGHT(simu, 9))

Inachukua tarakimu tisa za mwisho na kuzitanguliza +254, hivyo inashika 07, 01 na 254 zote. Ila kagua kwanza zenye zaidi ya herufi 13: mara nyingi karani alibana namba mbili kwa mkwaju (/), na RIGHT itachukua ya pili kimyakimya.

4. Kwenye Contact (rekodi za watu ndani ya Salesforce), unda safu Id_ya_Zamani ya kubeba ile id ya MySQL, uipe alama za External ID (kitambulisho cha mfumo wa nje) na Unique (kisijirudie).

5. Fungua Data Loader, programu ya Salesforce ya kupakia data, washa usomaji wa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) kwenye Settings (la sivyo Ng’ang’a atatokea Ngâ€™angâ€™a), chagua Upsert (husasisha aliyepo, huongeza asiyekuwepo), na ulinganishe kwa Id_ya_Zamani. Anza na mistari 20.

Mara yangu ya kwanza nilitumia Insert, ambayo huongeza tu. Stima ikapotea katikati, nikaanza upya, wakulima wakawa wawili wawili. Mama mmoja wa Bahati alipokea SMS mbili za deni lilelile, akapiga simu kwa ukali: "Kijana, nalipa mara ngapi?" Kwa Upsert, ukirudia, aliyekwisha kuingia husasishwa tu.

6. Utapata faili mbili, ya waliofaulu na ya waliokwama. Ya pili ina safu ya kosa kwa kila mstari: rekebisha, pakia hiyo tu, rudia hadi iwe tupu.

7. Linganisha COUNT(*) ya MySQL, yaani idadi ya mistari, na idadi ya Contact zenye Id_ya_Zamani. Zikipishana hata kwa mmoja, mtafute kabla hujazima mfumo wa zamani.