Chumba cha Karavani Kinavuja: Tafuta Maji Yanapoingia Kabla ya Kushika Gundi

Zulia la chumba cha karavani yangu, gari lenye makazi ndani yake, lilikuwa limelowa kwenye kona ya chini kushoto, chini ya mguu wa meza. Nikaamini maji yanaingia hapohapo. Nikapaka silikoni kwenye kona ile, nikarudia baada ya wiki mbili, kisha mara ya tatu. Kila mvua ilipopita zulia lililowa vilevile. Kumbe maji yalikuwa yakiingia kona ya juu, yanateremka nyuma ya ubao wa ukuta na kujitokeza huko chini. Ndiyo maana nakusihi usinunue gundi yoyote kabla hujajua mlango wa maji uko wapi.

Nazungumzia kile chumba kinachosukumwa nje ubavuni mwa karavani mkishaegesha, kisha kinarudishwa ndani mnapoondoka. Ukuta wa gari umekatwa tundu kubwa ili kipite, na kazi ya kuzuia maji kuzunguka tundu hilo imeachiwa raba. Ziko za aina mbili. Moja ni bapa kama ulimi. Inalalia ukuta wa chumba na kuufuta kikiwa kinatembea. Nyingine ina uwazi katikati kama mrija, nayo hubanwa na ukingo wa chumba kinapofika mwisho wa safari yake. Ikishindwa kubanwa, haizuii kitu.

Kutafuta uvujaji ni kazi ya watu wawili. Mmoja awe ndani na tochi, wa pili nje na mpira wa maji unaotiririka taratibu. Anza chini kabisa, kwenye usawa wa sakafu, kaa hapo kama dakika kumi. Ndipo upande ubavu mmoja, kisha wa pili, paa liwe la mwisho. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua yalipitia wapi. Mashine ya kuoshea magari kwa nguvu iache kando kabisa, kwa sababu inapenyeza maji hata kwenye raba nzima.

Baada ya hapo pima mbano. Chumba kikikaribia kutoka chote, kisimamishe, weka kipande cha karatasi kati ya ile raba yenye uwazi, upande wa ndani, na ukingo, ondoa vidole, malizia kukisukuma. Vuta karatasi. Ikigoma kidogo, raba inabana. Ikitoka bila upinzani, hapo pana nafasi. Rudia kila baada ya hatua moja, na kwenye kona usiruke hata moja. Upande mzima ukilegea huku wa pili umebana sana, chumba kimekaa mshazari. Kukinyoosha kunahitaji kurekebisha mitambo inayokisukuma, na hiyo ni kazi ya fundi anayeijua mitambo ya aina yako. Kuweka raba nene zaidi kuficha tatizo kutaumiza mota.

Raba iliyolala isiinuke tena, iliyopasuka au kuchanika, ibadilishe. Kata kipande kidogo cha ile ya zamani uende nacho dukani, kwa maana maumbo yanafanana mno kwa macho, na tofauti ya milimita chache inaharibu kazi yote. Angalia pia imeshikwa kwa gundi, kwa klipu au kwa skrubu. Kwangua gundi ya zamani kwa kifaa cha plastiki, futa kwa spiriti, acha pakauke.

Unapoibandika mpya, usiivute! Raba iliyovutwa hujirudi yenyewe na kuacha mwanya penye kiungo. Kona yangu ya juu ilikuwa hivyo hivyo: vipande viwili vilivyoachana kwa upana wa penseli. Kata kirefu kidogo kuliko kipimo, kisha kisukume hadi ncha zigusane kwa nguvu.

Gundi ina mahali pake, nako ni kwenye viungo visivyotembea: kwenye mabati ya pembeni ya chumba na vichwa vya skrubu. Juu ya paa tumia ile inayojitandaza yenyewe, ubavuni ile nzito isiyoteremka. Silikoni ya kawaida siitumii tena, maana gundi nyingine haishiki juu yake. Kukwangua zile tabaka zangu tatu kulinimalizia siku nzima. Na usipake gundi pale raba inapokutana na sehemu inayotembea, raba itachanika mara ya kwanza chumba kikirudi ndani.

Sasa sakafu. Funua zulia, choma mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza na itabidi ikatwe. Ikiwa ngumu, washa feni uiache siku kadhaa, na usirudishe zulia hadi ikauke kabisa.

Raba ipakwe dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya raba za aina hiyo. Mafuta ya kujipaka na oili ya injini huivimbisha na kuilegeza. Ukiegesha, weka pimamaji sakafuni na hakikisha paa la chumba halielekezi maji kwenye ukuta wa gari. Na kabla ya kukirudisha ndani, panda ngazi ufagie paa lake: majani na mchanga huchana raba, na maji yaliyotuama hapo huingia pamoja na chumba.