Shingo ikipinda baada ya haloperidoli

Mgonjwa akianza haloperidoli au sindano ya flufenazini, dawa za maradhi ya akili, au dozi ikipandishwa, mtazameni sana siku za mwanzo, hasa akiwa kijana wa kiume. Shingo hupinda upande, macho huganda yakitazama juu, taya hukaza. Wengi hudhani pepo kapanda. Hapana, ni dawa: imebana mno dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza misuli. Msimnyweshe kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani) taya likiwa limekaza, atapaliwa. Mpelekeni Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, au hospitali ya karibu, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi; sindano ya kulegeza misuli huleta nafuu kwa kawaida ndani ya nusu saa. Pumzi ikimbana, ni dharura. Dawa msimwachishe wenyewe, maradhi yatarudi. Daktari atapunguza dozi au ataongeza benziheksoli, kidonge cha kuzuia mkazo huo wa misuli.