Bustani Inapozaa Kuliko Walaji: Kupika Mboga za Masika

Mvua za masika zikishakolea, bustani ya nyuma ya nyumba hapa Morogoro huzaa bila kujali idadi ya watu wanaokula ndani yake. Mchicha uliopandwa wiki tatu au nne zilizopita huwa tayari wote kwa pamoja, kunde huchipua upya kila zinapochumwa, bamia iliyosahauliwa kwa siku mbili huwa ngumu kama kijiti, na nyanya huiva kwa mkupuo. Kumgawia jirani hakusaidii sana kwa sababu naye alipanda kwa mvua ile ile, na sokoni bei huwa imeshuka kiasi kwamba nauli ya bodaboda humaliza kile kidogo ambacho mtu angepata. Ndipo mboga nzuri huishia kwenye banda la kuku, jambo ambalo huniuma kila mwaka, kwani naamini sehemu kubwa ya upotevu huo hutokana na kupika tunachokitamani kabla ya kupika kinachotangulia kuharibika.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto, mpishi apange mavuno yake kwa umri uliosalia. Majani hupikwa siku yaliyochumwa, hasa matembele na mchicha, ambayo hunyauka kabla ya jioni. Bamia na nyanya zilizoiva sana hufuata ndani ya siku mbili. Bilinganya na nyanya chungu huvumilia siku kadhaa kivulini, na boga lililokomaa likivunwa na kikonyo chake halina haraka yoyote.

Kwa bahati nzuri majani hupungua mno yakiingia motoni, kwa kuwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za mchicha ni maji, na beseni lililojaa pomoni linaweza kuwa chakula cha jioni cha watu sita tu. Yaoshwe mara tatu kabla ya kukatwa, kwa maana mvua hurusha matope hadi kwenye majani ya juu, na ukiosha baada ya kukata unamwaga vitamini pamoja na maji. Kaanga kitunguu na nyanya mbili hadi zilainike, kisha weka majani bila kuongeza maji, maana yale yaliyobaki baada ya kuosha yanatosha. Baada ya dakika tano hivi mimina tui zito, koroga taratibu ili lisikatike, na epua mara linapochemka. Chumvi iwekwe mwishoni kabisa: anayeionja mboga ikiwa bado imejaa sufuria huishia na mboga isiyolika, kwani majani hunywea lakini chumvi hubaki ile ile. Tui hilo pia lina kazi kubwa kuliko ladha, kwa sababu mwili huhitaji mafuta ili kufyonza vitamini A inayotokana na majani.

Majani ya aina mbalimbali yanaweza kupikwa katika sufuria moja, mradi yaingie kwa zamu. Tangulia na kunde na majani ya maboga, ambayo lazima yamenywe nyuzi za vikonyo vyake, ufuatishe matembele, na umalizie na mchicha. Mnavu pekee huuchemsha kando na kumwaga maji yake, kwa maana uchungu wake ukiachwa hutawala sufuria nzima. Sishauri kutia magadi ili majani yalainike upesi, kwa kuwa huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na majani machanga ya bustanini hayana ugumu wa kuhitaji msaada huo.

Bamia nyingi hukaangwa. Zifutwe zikauke kabla ya kukatwa, ziingie kwenye mafuta ya moto bila kufunikwa, na zimalizwe kwa maji ya limau, nazo hazitavutika. Zile zilizokomaa kidogo ziende kwenye mlenda. Bilinganya na nyanya chungu hukaa vizuri pamoja katika mchuzi wa nazi.

Nyanya ndizo zinazostahili siku nzima ya kazi. Chukua kilo tano zilizoiva kabisa, zilizopasuka zikiwemo, lakini tupa yoyote yenye ukungu. Zikate, ziweke katika sufuria pana bila maji, na uzipike kwa moto wa kiasi kwa nusu saa hadi zipondeke. Pitisha kwenye chujio kuondoa maganda na mbegu, rudisha rojo jikoni, punguza makaa, kisha uwe unakoroga mara kwa mara ukikwangua chini, kwa sababu likishika hata kidogo ladha ya kuungua haiondoki tena. Baada ya saa moja na nusu au mbili mwiko utaacha njia inayoonekana kwenye kitako cha sufuria, na utakuwa umebaki na takribani kilo moja na nusu. Likipoa, ligawe katika vifuko vidogo vya kutosha mchuzi mmoja, vilaze bapa na uvigandishe. Asiye na friza aliweke kwenye friji na kulitumia ndani ya wiki moja. Asilifunge kwenye chupa na kuliacha kabatini kwa kubahatisha, kwa kuwa chakula kilichofungwa bila utaratibu sahihi wa asidi na joto kinaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu wala dalili machoni.

Kunde zinazobaki ndizo ninazozikausha, kama wafanyavyo Wasukuma, ambao mboga hiyo huiita nsansa. Subiri siku ambazo mvua imekatika na upepo unavuma, kwa sababu majani yaliyoanza kukauka yakikutana na unyevu hupata ukungu na hayaponi. Yachovye katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yatandaze juu ya kichanja chenye mkeka safi, chini ya kivuli, na uyafunike kwa chandarua kisichowekwa dawa. Jua kali hukausha upesi zaidi, lakini hula rangi na vitamini A. Yageuze asubuhi na jioni, na yakianza kuvunjikavunjika kwa vidole yahifadhi katika chombo kikavu kinachofungwa vizuri.

Siku ya kuyapika, yaloweke nusu saa katika maji vuguvugu na uyachemshe hadi yalainike. Kaanga kitunguu na kifuko kimoja cha lile rojo la nyanya, changanya majani, kisha ongeza kikombe cha karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji. Karanga hizo zichambuliwe kwa makini kabla ya kusagwa, na zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwa hofu ya sumukuvu. Acha mboga itokote polepole kwa dakika ishirini, ukikoroga, hadi mafuta ya karanga yaelee juu, ndipo uepue na kuila kwa ugali. Mimi huipika Septemba, bustani ikiwa vumbi tupu na fungu la mchicha sokoni likiwa dogo na ghali.