Ukipandikiza vifaranga ziwani bila alama hutajua pesa yako ilienda wapi

Ndugu zangu wa mialo, kuanzia Katosi na Kiyindi za Ziwa Victoria hapa Uganda mpaka kule Bukungu na Namasale za Ziwa Kyoga, na nyinyi wafugaji mnaopandikiza samaki kwenye mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, hii ni yenu. Tumezoea kuona vifaranga wanaletwa na pikap, matangi yamejaa, wakubwa wamesimama ukingoni, watu wanapiga picha, vifaranga wanamwagwa, basi imeisha. Mwaka ukipita uliza wale samaki wako wapi uone, huyu atakwambia waliliwa na sangara, yule atasema wenye makokoro, zile neti za kuburuta, waliwamaliza wiki ile ile, mwingine atakuonyesha ngege (tilapia, wengine wanamwita sato) mkubwa sokoni akuapie kwamba huyu ndo wa kwetu. Hakuna anayejua kwa kweli, na hatuwezi kujua, kwa sababu ngege wa hacheri, yaani kituo cha kuzalisha vifaranga, na ngege aliyezaliwa ziwani ukiwaweka beseni moja ata mvuvi wa miaka mingi hawezi kukutenganishia.

Dawa ni kuwawekea alama kabla hawajaingia majini. Sio kazi ya maprofesa peke yao, chama cha wavuvi kikijipanga kinaweza.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wameenda mbali sana na hii kitu. Ziwa Michigan walipeleka samaki anaitwa Chinook, aina ya samoni, mwaka 1967, akawa anapandikizwa kila mwaka kwa mamilioni. Wanamkata kapezi kadogo kenye nyama kaliko mgongoni karibu na mkia, alafu wanamwingizia puani kawaya ka chuma ka milimita 1.1, kamechapwa namba ambayo unaisoma kwa maikroskopu. Mvuvi akivua samaki hana kale kapezi anajua huyu ana waya, kichwa kinapelekwa maabara, wanajua alitoka hacheri gani na alimwagwa mwaka gani. Kwa njia ya alama walikuja kuelewa kwamba zaidi ya nusu ya Chinook wa lile ziwa wamezaliwa wenyewe porini, na huku visamaki wanavyokula vilikuwa vinapungua, kwa hiyo mwaka 2013 wakapunguza vifaranga karibu nusu. Bila alama wangeendelea kumwaga tu wakidhani wanasaidia.

Sasa usikimbie kuiga hivo hivo. Ngege hana kale kapezi ka mgongoni, sangara hana, kambare wetu huyu wa kawaida ambaye Waganda wanamwita male naye hana. Semutundu, yule mwenye sharubu ndugu wa kambare, ndo anako, tena kubwa. Kwa hiyo sisi alama rahisi ni kukata pezi moja la tumboni, yale mawili yanayokaa pamoja chini ya tumbo. Mwaka huu kata la kushoto, mwaka ujao la kulia, ukikuta samaki miaka miwili baadaye unajua ni wa kundi lipi. Usiguse mkia, usiguse mapezi ya ubavuni nyuma ya matamvua maana hayo ndo anajiongozea.

Namna ya kukata ndo watu wengi wanaharibu. Kifaranga awe amefika sentimita 6 au 7, mdogo kuliko hapo utamuumiza bure. Siku moja kabla usimpe chakula. Anza asubuhi mapema maji yakiwa baridi, jua likishapanda achana nayo mpaka kesho. Walaze kidogo kwa mafuta ya karafuu, nusu mililita kwa ndoo ya lita 10, lakini mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe kwa hiyo yatikise kwanza kwa nguvu ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu ndo umimine, alafu jaribu na vifaranga watano kabla hujaingiza mia. Kifaranga akilala ubavu huku matamvua bado yanapiga yuko sawa, mtoe upesi. Matamvua yakisimama umepitiliza, mrudishe maji safi sasa hivi na uongeze maji kwenye ndoo ya dawa.

Mkono wako uwe umelowa, mkono mkavu unatoa ute wake na kambare hana magamba ya kumkinga. Mgeuze tumbo juu, shika pezi moja kwa makasi madogo makali uliyosafisha na spiriti, ukate pale linapoota, karibu kabisa na ngozi bila kuchana tumbo. Ukiacha kipande litaota tena, na hapo ndo kazi yote inapotea kwa sababu mwaka ujao pezi limerudi na wewe unaandika kwenye daftari kwamba huyu ni wa ziwani. Ngege ana mwiba mmoja mgumu mbele ya hilo pezi, ukate nao. Mtu aliyezoea anakata mia kadhaa kwa saa, asiyezoea mpe vifaranga wa mazoezi kwanza.

Wakiamka usiwamwage siku hiyo hiyo. Chukua 50 wenye alama na 50 wasio na alama, waweke kwenye vizimba viwili vidogo vya neti, maji yale yale, chakula kile kile, wiki mbili. Wenye alama wakifa zaidi ya wenzao ujue mkono wenu ni mzito au dawa ilizidi, na hiyo hesabu uiandike maana utaihitaji baadaye. Kwenye kuwasafirisha tia chumvi kama gramu 5 kwa lita inawapunguzia presha, na mkifika ziwani msimwage kama mchanga, changanyeni maji ya ziwa pole pole kwenye tangi mpaka joto lifanane.

Ukitaka kumjua samaki mmoja mmoja, kwamba huyu namba fulani alimwagwa Bukungu akavuliwa Kagwara, hapo unahitaji tagi ya plastiki yenye namba. Inapigwa na bunduki ya sindano kama ile ya kuweka bei kwenye nguo dukani. Samaki awe mkubwa, sentimita 15 kwenda 20. Ng'oa gamba moja chini ya pezi la mgongo upande wa kushoto, sindano iingie kwa mshazari ikielekea kichwani, kichwa cha tagi kinase nyuma ya mifupa inayoshika pezi, vuta kidogo uone kama imeshika. Lakini ujue tagi inaota mwani, na inanasa kwenye nyuzi za neti, kwa hiyo samaki mwenye tagi anaweza kuvuliwa haraka kuliko mwenzake. Kwa vifaranga wengi wa hacheri mimi bado nasema kata pezi, tagi iwe kwa wachache.

Kuweka alama ni nusu ya kazi, nusu ingine ni kuirudisha habari, na hapa ndo naona tunalala sana. Wa kwanza kuona tagi mara nyingi sio mvuvi. Mvuvi anavuta neti gizani, anatupa samaki chini ya mtumbwi, anawaza kufika. Anayemshika samaki kwenye mwanga ni mama anayepasua na kupaa magamba pale mwaloni, kisu kinakwama kwenye kauzi ka njano anadhani ni takataka ya neti anakatupa. Hao akina mama waiteni kwenye mkutano wa kwanza kabisa, waonyesheni tagi yenyewe waishike, waonyesheni samaki aliyekatwa pezi la kushoto na ambaye hajakatwa, muwape daftari na rula. Kinachoandikwa ni kidogo: tarehe, mahali, urefu, neti au ndoana, namba kama ipo. Na zawadi iwepo, ata sabuni au pesa kidogo kwa simu, ilipwe siku hiyo hiyo, ukichelewesha habari itazunguka mwalo mzima na hutaletewa tena.

Alafu kuna hofu. Mwaka 2017 jeshi liliingia majini kufanya doria ya uvuvi haramu, na mtu mwenye samaki mdogo au neti isiyoruhusiwa hawezi kukuletea tagi akijua ataulizwa aliivua na nini. Ushauri wangu ni kwamba daftari la tagi likae mbali na watu wa doria, na hilo litamkwe wazi mbele ya wote, na anayelishika awe mtu ambaye mwalo unamwamini. La sivyo mtapata habari za samaki wakubwa tu na hesabu itawadanganya.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Tuseme mlikata pezi vifaranga wote wa mwaka huo, baadaye kwenye ngege 200 wa rika lile lile mkakuta 30 hawana pezi, basi asilimia 15 ni wa hacheri, wengine 170 ziwa limezaa lenyewe. Kama mlikata mmoja tu kati ya kila wanne, wale 30 wanasimama kwa 120, na hapo hadithi inageuka kabisa. Ndo maana lazima uandike ulikata wangapi kati ya wangapi. Ikitokea ziwa linazaa lenyewe vizuri, pesa ya vifaranga ipelekeni kulinda mazalio, yale maeneo ya matete na maji mafupi ambako kokoro linapita kila asubuhi.

Nina mambo mawili ambayo siwezi kuyanyamazia. La kwanza, vifaranga wa ngege wanaouzwa kwa wafugaji wengi wamegeuzwa wote madume kwa homoni, hao ni wazuri kwenye kizimba lakini ukiwamwaga ziwani hawawezi kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, uliza kabla hujalipa. La pili, vile vijiziwa vinavyozunguka Kyoga kama Nawampasa bado vina ngege wa asili ambao Victoria karibu waishe kabisa, ukiingiza ngege wa Nile humo watachanganyika damu na hutawatenganisha tena, ata uwe na makasi namna gani. Humo msimwage kitu.

Kwa ziwa lolote lingine pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya upate ruhusa kwa maandishi, na kabla ya kuchagua alama ongea na watu wa utafiti wa samaki wa NaFIRRI pale Jinja au kituo cha Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe, waulize kama kuna kundi lingine limeshakatwa pezi la kushoto kwenye maji hayo hayo, msije mkagongana.