Kilomita 21 ukiwa na miaka 45: maandalizi ya wiki 20

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka 40, mwenye kazi, familia na kitambi kidogo, ambaye amejiahidi kukimbia nusu marathoni na hajui aanzie wapi. Ndio tunaoufuata kwenye klabu yetu ya jogingi hapa Dar es Salaam, ambako wengi ni watu wazima wa kati ya miaka 40 na 60. Sisi hulenga Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kama mbio zako ni nyingine, hesabu wiki 20 kurudi nyuma kutoka tarehe yake.

Jambo moja litangulie, maana mengine yote yanalitegemea. Ukianza mazoezi, moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Kano, yaani nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe huchukua miezi. Kwa hiyo wiki ya sita mtu anajisikia mwepesi, anaongeza kasi, na wiki ya nane anachechemea. Kijana wa miaka 20 hupita hapo bila kujua kama palikuwa na hatari. Mtu wa 45 hapiti. Mpango wote unaofuata unaisubiri kano.

Hatua ya 1: Presha na sukari kwanza, raba baadaye

Pima vyote viwili. Kama presha inasoma 140/90 au zaidi, una kisukari, unavuta sigara, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, mwone daktari. Mweleze wazi kwamba unataka kukimbia kilomita 21. Ukimwambia tu unataka "kufanya mazoezi", atadhani unazungumzia kutembea jioni na atakuruhusu bila kukuchunguza.

Na ukiwa barabarani kifua kikabana, kizunguzungu kikaja au moyo ukaanza kurukaruka, simama. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Lengo la kwanza lisiwe na saa

Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48. Hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, kilomita 42 mfululizo, naye alikuwa na miaka 33. Furahi naye kama Mtanzania, halafu usahau mwendo wake.

Lengo lako la mwanzo ni mazoezi matatu kwa wiki, wiki 8 bila kukatika. Basi. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila unaporudi. Ukikosa siku moja kwa msiba au safari ya kikazi, usiifidie kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Endelea na zoezi linalofuata kama kawaida.

Lengo la muda linakuja wiki ya 12. Kimbia kilomita 10 kwa kujikakamua, kisha zidisha dakika zako kwa 2.2. Hesabu hii inatokana na kanuni ya mhandisi wa Kimarekani, Peter Riegel, na kwa watu wa kawaida haikosei sana. Aliyetumia dakika 70 atapata 154, yaani saa 2 na dakika 34 kwa nusu marathoni ya tambarare. Kwa Moshi mimi huongeza dakika 10 hadi 15, kwa sababu ya mlima. Ikikujia saa 3, ni saa 3.

Hatua ya 3: Jifunze kukimbia polepole

Hapa ndipo wengi wanashindwa, hasa wanaume. Mtu hapendi kupitwa na mwenzake, sembuse kupitwa na mama aliyevaa kanga juu ya suruali ya mazoezi.

Kipimo chetu ni cha mchakamchaka wa shule. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia. Ukiweza kuitikia kiitikio kizima bila pumzi kukata katikati, mwendo wako ni sahihi. Ukibaki na silabi mbili za mwisho tu, punguza. Ukikimbia peke yako, sema kwa sauti sentensi ndefu. Watu watakushangaa siku mbili tatu kisha watakuzoea. Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo si mbaya, ila zile hesabu za "220 toa umri wako" ni makadirio ya jumla, na kwa mtu mmoja mmoja zinaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi.

Mazoezi yako yote ya wiki 12 za mwanzo yawe ya mwendo huu, isipokuwa kile kipimo cha kilomita 10. Kwa anayedhani ni mchezo wa watoto, nampa habari za Ed Whitlock wa Kanada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni nzima kwa saa 2:54:48. Mazoezi yake makubwa yalikuwa kuzunguka ndani ya makaburi karibu na nyumbani kwake, saa nyingi, polepole.

Hatua ya 4: Ratiba yenyewe

Siku tatu: Jumanne, Alhamisi, na Jumamosi au Jumapili kwa zoezi refu.

Wiki ya 1 hadi ya 3, kila zoezi ni dakika 30: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia. Wiki ya 4 hadi ya 6, kimbia dakika 3, tembea 1. Kutembea huku ni sehemu ya mpango, usikuruke kwa sababu unajisikia vizuri.

Kuanzia wiki ya 7, siku za katikati ni dakika 35 hadi 45, na ukihitaji kutembea kidogo, tembea. Zoezi refu linakwenda hivi kwa kilomita: 6, 7, 8, halafu 6, 9, 10 (ndicho kile kipimo), 12, halafu 9, 14, 16, halafu 12, 18, 10, na wiki ya 20 ni mbio. Angalia zile wiki za kushuka. Ndizo zinazowapa mifupa na kano nafasi ya kujijenga, na ndizo watu wanazoziiba. Kilomita 18 zinatosha kabisa. Tatu zilizobaki utabebwa na shangwe.

Wiki ya 13 hadi ya 18, zoezi la Alhamisi liwe la mlima. Dar ni tambarare, kwa hiyo tafuta: miinuko ya Chuo Kikuu pale Mlimani, au barabara ya Pugu kuelekea Kisarawe. Panda dakika 2 kwa nguvu ya wastani, shuka ukitembea, mara 5 hadi 8. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa picha na upepo, lakini lisikudanganye kwamba umefanya mlima.

Maandalizi ya Moshi yanaangukia kwenye joto la kaskazi, Desemba hadi Februari. Toka saa 11 alfajiri. Siku ya joto na unyevu moyo utapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo fuata kiitikio na uiache saa. Kwenye giza vaa riflekta kama ya bodaboda, na ukimbie upande wa kulia wa barabara ili magari yaje ukiyaona.

Hatua ya 5: Kigimbi kwenye ngazi

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu kwenye mwongozo huu, ningebakiza hii.

Kano kubwa ya kisigino ndiyo inayowaangusha wakimbiaji wa umri wetu. Simama kwenye ukingo wa ngazi, nusu ya mbele ya nyayo ndiyo imekanyaga, visigino vinaning'inia. Shika ukuta kidogo. Panda kwa vidole vya miguu yote miwili. Sasa inua mguu mmoja, na ushuke kwa ule mwingine taratibu, ukihesabu moja hadi nne, mpaka kisigino kishuke chini ya usawa wa ngazi na usikie kigimbi kinavutika. Rudisha mguu wa pili, panda tena kwa yote miwili. Mara 12 kila mguu, pumzika dakika, fanya hivyo seti tatu: moja goti likiwa limenyooka, mbili likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa kigimbi nao upate haki yake. Siku mbili kwa wiki, zisizo za kukimbia. Ikiwa rahisi, beba begi lenye chupa za maji.

Ongeza kuchuchumaa na kuinuka mara 15, seti tatu. Kwa akina mama waliofika ukomo wa hedhi hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mifupa hupungua nguvu kipindi hicho na mazoezi ya uzito husaidia kuishikilia.

Kila asubuhi, hatua zako za kwanza kutoka kitandani ndizo ripoti. Kisigino kikikaza kidogo na kuachia kabla hujafika bafuni, endelea. Kikikaza zaidi ya jana, zoezi la leo ni kutembea. Maumivu ya barabarani yape alama 0 hadi 10: mpaka 3 vumilia, zaidi ya hapo rudi nyumbani. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili umalize zoezi refu. Ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo, na zinakuficha kano inapolia.

Hatua ya 6: Raba, chakula, maji

Raba za mtumba za soko la Karume zinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, ubavuni: ikibonyea na kurudi, bado ipo, ikiwa ngumu kama kigae, iache hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, mwenye nayo alishaimaliza. Ya dukani nayo hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi. Nunua yenye nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole, la sivyo kucha zitageuka nyeusi.

Chakula hakihitaji mapya. Ugali, wali, ndizi na viazi vitamu ndiyo mafuta yako. Maharage, dagaa na mayai vinatengeneza misuli. Zoezi likizidi saa moja na nusu, weka tende tatu nne mfukoni. Kunywa ukisikia kiu, usijilazimishe, kwani maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi mwilini na yanaweza kuua. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa zaidi sodiamu, kwa hiyo tia chumvi kidogo.

Hatua ya 7: Siku ya Moshi

Usivae kitu kipya, usile kitu kipya. Njia inapanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha mjini, na kosa la watu wa Dar ni kupanda kwa mwendo wa Dar. Tembea pale kiitikio kinapokatika, utawakuta wengi waliokupita. Kwenye mteremko piga hatua fupi za harakaharaka. Ukirefusha hatua, mapaja yatapigika na kesho yake utashuka ngazi za hoteli kinyumenyume.

Wiki inayofuata ni ya kutembea tu. Wiki ya pili rudi kwenye dakika 30 za polepole, mara tatu, na usijiandikishe mbio nyingine mpaka kisigino kimekupa asubuhi saba mfululizo bila kukaza.