Somo: Kutengeneza biodizeli kwa mwani, kutoka bwawani hadi kwenye chupa

Ndugu wanakikundi, somo hili linawahusu wale wanaotaka kujaribu kutengeneza biodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli yatokanayo na viumbe kama mwani, kwa kiasi kidogo hapa Uganda, ambako jua na joto la ikweta huufaa mwani mwaka mzima. Kabla ya kushika jembe, naomba kila mmoja apige hesabu hii. Bwawa la wazi lililotunzwa vizuri huwa na takriban nusu gramu ya mwani mkavu katika kila lita ya maji. Kwa hiyo lita 1,000 hutoa gramu 500, na ikiwa mafuta ni asilimia 20 ya uzito huo, utapata gramu 100 tu. Anayetaka lita moja ya mafuta ajiandae kuchuja maji yapatayo lita 9,000. Kuotesha mwani ni kazi nyepesi; kuutenganisha na maji ndiko kunakowachosha watu.

Hatua ya kwanza ni mbegu. Tafuta klorela safi, aina ya mwani mdogo wa seli moja, kutoka maabara ya chuo, uikuze katika chupa angavu, kisha katika jerikeni, na mwisho katika bwawa lililotandikwa plastiki, lenye kina cha sentimita 20 hadi 30 ili mwanga ufike chini. Weka yurea na mbolea ya fosfati kidogo kidogo, na uyakoroge maji kila siku.

Maji yakishakolea kijani, acha kuongeza yurea kwa siku kadhaa. Mwani unaokosa naitrojeni, ambayo huipata kwenye yurea, hupunguza kukua na badala yake hujiwekea akiba ya mafuta.

Hatua ya pili ni kuvuna. Yeyusha shabu kidogo, imimine huku ukikoroga taratibu, na mwani utashikamana na kuzama. Mwaga maji ya juu, chuja tope kwa kitambaa cha pamba, kisha lianike juu ya turubai kama tunavyoanika kahawa, mpaka lisagike kuwa unga. Msiwe na haraka hapa. Mara yangu ya kwanza niliridhika na ukavu wa juu juu, na unyevu uliobaki ulifanya kazi ya wiki nyingi igeuke sabuni.

Hatua ya tatu ni kukamua. Ukuta wa seli ya klorela ni mgumu, hivyo unga usagwe sana kabla ya kulowekwa katika heksani, ambayo huyayeyusha mafuta na baadaye hutolewa kwa kukenekwa. Mvuke wa heksani hulipuka, kwa hiyo hatua hii ifanyike maabara, chini ya mtaalamu, kamwe si jikoni penye sigiri.

Hatua ya nne ni kuyageuza mafuta. Pima kwanza asidi yake, kwa kuwa mafuta ya mwani mara nyingi huwa na asidi nyingi, na ikizidi kiasi cha asilimia mbili huhitaji kutibiwa kwanza kwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na asidi ya salfa. Kwa kila lita ya mafuta safi, yeyusha gramu 3.5 za kostiki (hidroksidi ya sodiamu), pamoja na nyongeza itakayoonyeshwa na kipimo cha asidi, katika mililita 200 za methanoli. Changanya na mafuta yenye joto la nyuzi 55 kwa muda wa saa moja, bila kufika nyuzi 64, ambapo methanoli huanza kuchemka. Acha mchanganyiko utulie usiku kucha. Gliserini itazama na biodizeli itabaki juu, uioshe kwa maji ya vuguvugu na kuikausha. Methanoli hupofusha na huua, hivyo vaa glavu na miwani, na ufanye kazi penye hewa.

Maswali ya wanakikundi

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, kwa nini tusichote ule ukijani unaoelea Ziwa Victoria?

Jibu: Ndugu yangu, ule kwa sehemu kubwa ni bakteria wa kijani-buluu, hasa wa jenasi Microcystis. Mafuta yao ni machache, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Usiuchote kwa mikono mitupu.

Mwanachama wa Masaka: Naweza kuitia biodizeli hii katika jenereta ya dizeli?

Jibu: Anza na sehemu moja ya biodizeli kwa nne za dizeli, iwapo tu imeoshwa na kukauka kabisa. Angalia mabomba ya mpira ya zamani, kwa kuwa biodizeli huyalainisha, na uwe na chujio la akiba, kwa sababu uchafu uliogandamana katika tangi utang'oka.

Mwanachama wa Mbale: Je, hii ni biashara?

Jibu: Kwa mafuta peke yake, bado. Marekani iliendesha mpango wa utafiti wa mwani kuanzia 1978 hadi 1996, na gharama ikaonekana kuizidi mno ile ya dizeli ya kawaida. Wewe, dada, jizoeze hatua ya nne kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chapati, ambayo nayo lazima yachujwe na kupimwa asidi, huku klorela yako ikikua taratibu kwenye jerikeni.